Matairi ya A/T kwa Pikapu: Yanamfaa Nani, na Yanatunzwaje

Pikapu moja ya Voi inaweza kukanyaga aina nne za ardhi kwa wiki moja. Jumatatu inapeleka saruji Rukanga, ikipitia Maungu na Buguta kwenye changarawe na mchanga. Jumatano imepanda Wundanyi kuchukua kabichi, na kama mvua imenyesha milimani, sehemu za udongo mwekundu kuelekea Mwanda zinateleza kama sabuni. Ijumaa iko Taveta ikipakia ndizi na nyanya. Jumamosi alfajiri iko kwenye barabara kuu ya Mombasa–Nairobi katikati ya malori, ikikimbilia soko la Kongowea kabla bei haijashuka.

Safari zote hizo zinafanywa na matairi yale yale manne. Kila moja linagusa ardhi kwa eneo linalokaribia kiganja cha mkono kilichokunjuliwa, na hapo ndipo breki, usukani, mzigo na roho za walio ndani zinaposhikiliwa. Ndiyo sababu wenye pikapu wengi katika kaunti hii wameanza kuuliza kuhusu matairi ya A/T, yale yenye meno makubwa yanayouzwa kama matairi ya kila aina ya ardhi. Muuzaji husema yanafika kokote. Kweli yanafika sehemu nyingi ambazo tairi la kawaida halifiki, lakini yana gharama zake, na gharama kubwa zaidi huonekana kwenye lami iliyolowa.

Herufi za ubavuni

Matairi ya pikapu huja kwa aina tatu kuu, na herufi zake mara nyingi zimeandikwa ubavuni. H/T ni tairi la barabara kuu: meno yake ni madogo na yamekaribiana, halina kelele, linashika lami vizuri na linatumia mafuta kidogo. M/T ni tairi la matope: meno yake ni makubwa na yameachana ili udongo uweze kutoka. Kwenye lami linavuma kama nyuki na linaisha haraka. A/T limekaa katikati. Lina meno makubwa kuliko H/T na mifereji mipana zaidi, na mara nyingi mwili wake umeimarishwa ili ustahimili mawe na mikato.

Kukaa katikati kuna faida, lakini tairi la A/T halimzidi ndugu yake yeyote kwenye uwanja wake. Katika matope mazito ya udongo mweusi, ule wa tambarare unaonata kama ugali, meno ya A/T hujaa udongo baada ya mizunguko michache na tairi linabaki laini kama kipara. Hapo ni M/T, au ni kusubiri jua. Kwenye lami kavu A/T hufanya kazi ya kuridhisha. Lami ikilowa, mengi ya matairi haya huchukua umbali mrefu zaidi kusimama kuliko H/T nzuri, kwa sababu mpira unaogusa barabara ni mchache na mara nyingi ni mgumu zaidi. Dereva anayeteremka kutoka Wundanyi kwenda Mwatate kwenye kona zile, ukungu ukiwa umeshuka na lami imelowa, anapaswa kuacha nafasi kubwa zaidi mbele yake kuliko alivyozoea.

Matairi mengi ya A/T pia yana herufi M+S, na mengine yana mchoro wa mlima wenye theluji. Herufi hizo zinahusu matope na theluji. Theluji ya karibu ni ile inayoonekana Kilimanjaro mtu akisimama Taveta asubuhi isiyo na mawingu, kwa hiyo mwenye pikapu asikubali kuongezewa bei kwa ajili ya mchoro huo.

Hesabu kilomita kabla ya kwenda dukani

Watu wengi huchagua tairi wakikumbuka siku moja mbaya, ile siku gari lilipokwama Sagalla hadi usiku. Ni kosa linaloeleweka, lakini tairi hulipiwa kwa siku zote. Njia bora ni kuweka daftari ndani ya gari kwa wiki mbili na kuandika kila safari: kilomita ngapi za lami, ngapi za changarawe, ngapi za mchanga au udongo, na uzito uliobebwa.

Daftari hilo huwashangaza wengi. Barabara ya kutoka Voi kupitia Mwatate hadi Taveta ni mfano mzuri. Kwa miaka mingi, kutoka Mwatate kwenda mbele ilikuwa safari ya vumbi na mitikisiko, na aliyekwenda Taveta alirudi na misumari ya bodi imelegea. Kisha ukaja mradi wa barabara ya Arusha–Holili/Taveta–Voi uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, na njia hiyo sasa ni lami. Hata hivyo wapo wanaoendelea kununua matairi ya barabara ya zamani. Anayefanya biashara kati ya Voi, Mwatate na Taveta pekee, na asiyeacha lami ila kuingia uani kwake, atahudumiwa vizuri zaidi na H/T imara yenye uwezo wa kubeba mzigo. A/T itampa kelele, mafuta zaidi na sura nzuri ya gari.

Hali ni tofauti kwa anayeingia Kasigau kila wiki, au migodi ya vito ya Kamtonga na Mkuki, au vijiji vya ndani vya Njukini na Challa. Huyo anakutana na mawe yenye makali, visiki vya vichaka vilivyokatwa na miiba ya migunga. Hesabu yake inaweza kufanywa hivi, kwa bei za mfano tu. Tuseme H/T moja ni shilingi 18,000 na inaenda kilomita 60,000, na A/T ni shilingi 25,000 na inaenda kilomita 50,000. Matairi manne ya H/T yanagharimu shilingi 72,000, sawa na shilingi 1.20 kwa kila kilomita. Manne ya A/T yanagharimu 100,000, sawa na shilingi 2 kwa kilomita. Kwa gari linalotembea kilomita 30,000 kwa mwaka, tofauti ni shilingi 24,000 kila mwaka.

Kwa mtu wa lami, hizo ni pesa zilizotupwa. Kwa mtu wa Kasigau, kisiki kimoja kikipasua ubavu wa H/T, tairi hilo haliwekwi kiraka; linanunuliwa jingine. Visiki viwili kwa mwaka ni shilingi 36,000, kabla hata ya kuhesabu nyanya zilizoiva juani au mgonjwa aliyesubiri gari ambalo halikufika. Kila mmoja aweke bei halisi za duka lake na kilomita za daftari lake, na jibu litajitokeza.

Uzito ambao tairi limeapa kubeba

Baada ya aina ya tairi, kinachofuata ni namba, na hapa ndipo makosa ya hatari hufanyika. Tairi lililoandikwa 265/65R17 112S lina upana wa milimita 265. Kimo cha ubavu wake ni asilimia 65 ya upana huo. R inaonyesha ni redio, yaani nyuzi zake zimepita moja kwa moja kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Na rimu ni ya inchi 17. Namba 112 ni kipimo cha uzito, na S ni mwendo wa juu, kilomita 180 kwa saa, ambao hakuna sababu ya kuukaribia.

Kipimo cha uzito husomwa kwenye jedwali ambalo kila muuza matairi anapaswa kuwa nalo. 100 ni kilo 800 kwa tairi moja. 104 ni kilo 900, 108 ni kilo 1,000, na 112 ni kilo 1,120. Mtu akiona namba 100 huzidisha 800 mara nne, akapata 3,200, akaridhika kwa kuwa pikapu yake na mzigo haifiki hapo. Lakini pikapu haibebi sawa mbele na nyuma. Ikiwa gari na mzigo wake ni kilo 2,800, na kilo 1,700 kati ya hizo zimekalia ekseli ya nyuma, kila tairi la nyuma linabeba kilo 850. Tairi la 100 limeshazidiwa, na gari bado halijaingia shimo lolote.

Kuna matairi ya A/T yaliyotengenezewa magari ya kifahari ya familia, yenye meno ya kuvutia na kipimo kidogo cha uzito. Yanaingia kwenye rimu ya pikapu bila shida yoyote, na hilo ndilo tatizo. Kwa gari la kazi, ni salama zaidi kutafuta tairi lenye herufi C au LT, ambazo huwekwa kwenye matairi ya magari ya mizigo, na kipimo cha uzito kisichopungua kile kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva au kwenye kitabu cha gari.

Ukubwa nao una mtego wake. Vijana wengi hupenda kupandisha gari kwa kuweka tairi kubwa kuliko la kiwandani. Gari lililotoka na 245/70R16 likivishwa 265/75R16, kimo cha tairi huongezeka kutoka takriban milimita 749 hadi 804, yaani asilimia 7. Saa ya mwendo haijui hilo. Ikisema 80, gari liko karibu 86. Ikisema 100, liko 107. Injini inavuta kwa shida zaidi mlimani, breki zina kazi zaidi, na gari lililoinuka na kubeba magunia juu ya kichwa cha bodi huwa jepesi kupinduka kwenye kona. Usukani ukikatwa hadi mwisho, tairi linaweza pia kusugua matope ya bodi.

Kwa magari yenye 4x4, matairi yote manne yawe ya ukubwa mmoja na yamechakaa kwa kiwango kinachokaribiana. Tairi la mbele likiwa dogo kuliko la nyuma, gia zinazounganisha ekseli mbili hupigana zenyewe kwa zenyewe kila 4x4 inapowekwa, na ukarabati wake unazidi bei ya matairi yote.

Mtumba, umri na tairi lililochongwa

Kila tairi lina tarehe ya kuzaliwa. Karibu na herufi DOT, tarakimu nne za mwisho zinaonyesha wiki na mwaka: 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani, na joto la Voi huharakisha uzee huo. Tairi la miaka sita linapaswa kukaguliwa kwa makini kila mwaka, na lililofika miaka kumi liondolewe hata kama meno yake bado ni marefu. Mnunuzi wa tairi la mtumba ambaye hajasoma tarakimu hizo hajui alichonunua. Nyufa ndogo ndogo ubavuni, kama za tope lililokauka, ni dalili ya uzee hata pale ambapo muuzaji ameyapaka matairi rangi nyeusi ya kung'aa.

Mbaya zaidi ni tairi lililochongwa. Mafundi wengine huchukua tairi kipara na kuchonga mifereji mipya kwa kisu cha moto, na kwa mtazamo wa haraka linaonekana kama A/T iliyotumika kidogo. Kilichochongwa ni mpira mwembamba uliobaki juu ya nyaya za chuma. Ndani ya mifereji ya tairi halali kuna vijiti vidogo vya mpira vilivyoinuka milimita 1.6, meno yakilingana navyo, tairi limekwisha. Vijiti hivyo visipoonekana popote, au mifereji ikiwa imepinda bila mpangilio, mnunuzi aache tairi hapo hapo.

Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinataka gari na sehemu zake, matairi yakiwemo, yawe wakati wote katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara wala waliomo garini. Utetezi wa "niliuziwa hivyo" hauna nguvu mbele ya kifungu hicho.

Upepo

Tairi la bei ghali likiwa na upepo mdogo ni hatari kuliko tairi la kawaida lililojazwa sawasawa. Likipungukiwa upepo, ubavu hukunjwa na kunyooshwa kila mzunguko, mamia ya mara kwa kila kilomita, na kukunjwa huko hutoa joto. Ongeza mzigo wa nyanya, mwendo wa kasi, na lami iliyochomwa na jua la saa nane mchana kati ya Voi na Maungu, na joto hilo halina pa kwenda. Nyaya za ndani huachana na mpira na tairi hupasuka. Likiwa la mbele, usukani humvuta dereva upande mmoja, na upande mwingine kuna lori linakuja.

Ubavu mnene wa A/T huongeza hatari kwa namna isiyotarajiwa: tairi linaweza kupoteza theluthi ya upepo wake na bado likaonekana limesimama. Kulipiga teke hakupimi chochote. Kipima upepo cha mkono ni kifaa kidogo cha bei nafuu, na kila pikapu inapaswa kuwa nacho badala ya kutegemea kile cha kituo cha mafuta kilichoangushwa mara mia.

Upepo hupimwa asubuhi, gari likiwa halijatembea. Tairi likipata joto, kipimo hupanda, takriban psi moja kwa kila nyuzi sita za selsiasi, kwa hiyo anayepima baada ya kutoka Mombasa ataona namba kubwa na kudhani amejaza kupita kiasi. Asipunguze. Likipoa litakuwa chini ya kiwango, na kesho yake atabeba mzigo akiwa na tairi lililopungukiwa.

Kiwango sahihi kiko kwenye kibandiko cha mlango, na kwa kawaida kuna namba mbili: ya gari tupu na ya gari lenye mzigo. Matairi ya nyuma ndiyo hubadilika zaidi. Dereva anayeshuka Taveta na gari tupu kisha akapakia hadi juu anapaswa kuongeza upepo wa nyuma kabla ya kuondoka sokoni. Akirudi tupu, apunguze tena asubuhi inayofuata, la sivyo gari litaruka ruka kwenye changarawe na tairi litaisha katikati. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye tairi lenyewe ni kikomo cha juu, na mafundi wengi hukosea kwa kuifanya kipimo cha kila siku. Anayebadilisha kutoka tairi la kawaida kwenda LT amuulize muuzaji amwonyeshe jedwali la mtengenezaji, kwa kuwa baadhi ya matairi ya LT huhitaji upepo zaidi kidogo ili kubeba uzito ule ule.

Mchanga, mawe na matope

Mito ya mchanga ya ukanda wa chini huwa kavu sehemu kubwa ya mwaka, na mchanga wake umekwamisha madereva wengi wenye meno mapya ya A/T. Meno marefu yakizungushwa kwa nguvu mchangani huchimba shimo. Kinachosaidia ni tairi pana na laini, na njia ya kulipata ni kupunguza upepo. Gari lisilo na mzigo mzito linaweza kushushwa hadi psi 18 au 20, likaingia kwa mwendo wa pole usiobadilika, bila kukata usukani ghafla na bila kufunga breki. Chini ya psi 15 tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Gari lililojaa halipaswi kushushwa kiasi hicho. Ni afadhali kupakua nusu ya mzigo na kuvuka mara mbili. Baada ya kuvuka, upepo urudishwe kabla ya kushika mwendo, kwa hiyo anayeshusha upepo bila pampu garini amejifunga mwenyewe.

Kwenye changarawe yenye matuta madogo madogo kama ya bati, kupunguza upepo kwa psi chache na kwenda polepole huokoa matairi na pia shokomzoba. Kwenye mawe makali, hatari kubwa iko ubavuni, kwa kuwa hapo hakuna nyaya za chuma kama za juu ya tairi. Dereva mzoefu hupandisha tairi juu ya jiwe badala ya kulipitisha kando yake, na hukaa mbali na ukingo wa njia palipokatwa vichaka. Kisiki cha mgunga kilichokatwa kwa panga huwa kimechongoka kama mkuki.

Mvua za vuli, Novemba na Desemba, ndizo zinazopima matairi ya wakazi wa milimani. Kwenye udongo mwekundu wa Sagalla na Mwanda, A/T yenye nusu ya meno yake haina tofauti kubwa na kipara, ingawa kwenye lami bado inaruhusiwa. Njiti ya kiberiti iliyowekwa alama kwa rula inatosha kupima: tairi jipya la A/T huwa na meno ya milimita 10 hadi 12, na likishuka hadi 5, njia za udongo wakati wa mvua ziachwe. Na maji yakiwa yanapita juu ya daraja la chini au mtoni, hakuna tairi linalobadilisha hesabu. Tairi kubwa hata huongeza kuelea kwa gari. Mto wa mchanga unaoshuka kutoka milimani hupungua baada ya saa chache, na kusubiri ng'ambo ni bure.

Pancha kati ya Maktau na Mbuyuni

Kati ya Maktau na Mbuyuni barabara ya Taveta hupita ndani ya Mbuga ya Tsavo Magharibi. Hakuna uzio, na ndovu huvuka wanapotaka. Kubadilisha tairi hapo saa mbili usiku ni kazi ambayo hakuna dereva anayeiomba, na urefu wake unategemea mambo yaliyofanywa nyumbani wiki iliyopita.

La kwanza ni spea. Ikiwa matairi manne ni A/T makubwa na spea ni ile ndogo ya zamani iliyotundikwa chini ya bodi tangu gari linunuliwe, gari lina spea kwa jina tu. Seti ya A/T inunuliwe kwa matano, na la tano lipimwe upepo pamoja na mengine kila mwezi. La pili ni jeki: gari lililovishwa matairi makubwa huwa juu zaidi, na jeki ya kiwandani inaweza isifike. Ijaribiwe uani mchana. Kipande cha ubao mnene cha kuwekwa chini ya jeki kiwe ndani ya gari, kwa kuwa pembezoni mwa lami ni udongo mwekundu ambao jeki huuzama kama kisu kwenye ndizi. Pamoja na wili spana, taa ya kichwani na pembetatu za onyo, hivyo ndivyo vifaa vinavyotosha.

Dereva akisikia tairi limeishiwa ndani ya mbuga, aende taratibu hadi mahali pa wazi, anapoona pande zote, hata kama rimu itaumia kidogo. Kabla ya kushuka, amulike vichaka. Wanyama wakiwa karibu, abaki ndani ya gari na asipige honi. Abiria wasishuke kuzurura wala kujisaidia vichakani. Tairi likishabadilishwa, nati zikazwe kwa mpangilio wa msalaba, na zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa sababu hulegea zikishakaa.

Pancha ya mwiba au msumari juu ya tairi, kwenye meno, inazibika. Uzi wa mpira unaosukumwa kwa nje ni wa kumfikisha mtu mjini. Matengenezo ya kudumu ni kuvua tairi, kukagua ndani, na kuweka kiraka chenye shina kinachoziba tundu na kufunika ndani kwa pamoja. Tundu likizidi milimita 6, au likiwa begani au ubavuni, tairi halirudi kwenye barabara kuu. Desturi ya kuweka tyubu ndani ya tairi lililopasuka ubavu, na kipande cha tairi kuukuu kuziba mpasuko, imewafikisha wengi nyumbani kwa mwendo wa pole na imewaua wengine kwa mwendo wa kilomita 100.

Wenye Land Cruiser za kazi zenye matairi ya tyubu ya 7.50R16 na rimu za pete wana tahadhari yao. Pete hiyo isipokaa sawasawa wakati wa kujaza upepo hufyatuka kwa nguvu ya kuvunja fuvu. Fundi atumie kizimba cha chuma au afunge gurudumu kwa mnyororo, asimame kando, na mwenye gari asikubali watoto kuchungulia karibu.

Matunzo ya baadaye

Meno ya A/T huisha kwa mteremko, upande mmoja wa jino ukiwa juu na mwingine chini, na hapo ndipo kelele hutokea. Dawa yake ni kuhamisha matairi mbele na nyuma, spea ikiwemo, kila kilomita 8,000 hadi 10,000, na kupima ulinganifu wa magurudumu kila gari linapoingia shimo kubwa. Anayeweza kununua matairi mawili tu ayaweke nyuma. Madereva wengi huyaweka mbele wakiamini usukani ndio unaohitaji mapya, lakini nyuma ikiteleza kwenye lami iliyolowa gari huzunguka, na dereva wa kawaida hana uwezo wa kulirudisha.

Matairi yaliyokwisha yasiachwe uani yakikusanya maji ya mvua. Ndani ya maji hayo machache huzaliana mbu aina ya Aedes, wanaoeneza dengi na chikungunya, magonjwa ambayo ukanda wa Pwani unayajua. Yatobolewe chini ili maji yatoke, yajazwe udongo na kupandwa sukuma wiki, au yapelekwe kwa mafundi wa akala. Mafundi hao, hata hivyo, hulalamika kwamba redio zenye nyaya za chuma huwamaliza visu, na hupendelea tairi la zamani la nailoni.